Chapa ya Bibi

Kaka yangu ni fundi wa lifti, na mtu yeyote anayetaka kubishana naye namshauri ale kwanza ashibe, maana hatatoka hapo mapema. Mimi ni mdogo wake wa pekee, na ni daktari wa meno. Kwa familia yetu hiyo haimaanishi kwamba mimi ni daktari. Inamaanisha kwamba nang'oa.

Ukoo wetu una madoa. Ni vidoa vidogo vyeusi kwenye midomo, hasa wa chini, kama mtu aliyekula mbegu akasahau kujipangusa. Bibi mzaa baba alikuwa nayo, Baba alikuwa nayo, kaka alikuwa nayo utotoni mpaka wenzake wakamwita Mbegu, na binti yake, tunayemwita Pipi, anayo mpaka leo. Nyumbani yanaitwa chapa ya Bibi. Mtoto akizaliwa kwetu, watu huisubiri chapa kama wengine wanavyosubiri jino la kwanza. Mimi sikutoka nayo. Midomo yangu ni safi, na kwa kosa hilo nimeitwa Wa Kuokotwa tangu natambaa. Mama alipenda kuwasimulia wageni kwamba siku ile hospitali walikuwa wanagawa watoto, naye akafika amechelewa, akapewa aliyebaki. Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu kwetu ukinuna ndiyo umewapa wimbo wa mwaka mzima.

Kitu cha pili tulichonacho ni tumbo. Tumbo la ukoo, wanaliita, utadhani ni shamba la urithi. Bibi alikufa kwa tumbo. Baba alikufa kwa tumbo, mimi nikiwa shule ya msingi na kaka akiwa ndiyo kwanza anajifunza ufundi. Na kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwemo na shahada yangu ukutani, aliyewahi kuyataja madoa na matumbo katika sentensi moja.

Aliyeyataja pamoja ni daktari wa upasuaji. Pipi alipelekwa hospitali akiwa amejikunja na kutapika nyongo. Utumbo wake ulikuwa umejiingiza ndani yake wenyewe, kama soksi unayoivua kwa pupa, na kilichouvuta kilikuwa kinyama kilichoota kwenye ukuta wake. Walimfungua, wakakata kipande, wakamshona. Siku ya pili yule daktari alipita wodini, akaitazama midomo ya mtoto kwa muda mrefu kuliko alivyokitazama kidonda, kisha akauliza ni nani mwingine kwenye familia mwenye vidoa hivi. Mama, aliyekuwa ameketi na chupa yake ya chai, akajibu kwa fahari kwamba ni wote, isipokuwa huyu. Huyu ni mimi.

Daktari hakucheka. Alieleza kwamba madoa ya namna ile na vinyama vya namna ile mara nyingi hutembea pamoja, kwamba bila shaka kuna vinyama vingine, na kwamba lazima mtoto aingizwe kamera tumboni vitafutwe na kuondolewa kabla havijauziba tena utumbo au, baadaye, kugeuka saratani. Alitaka pia damu ya Pipi na ya wazazi ipimwe. Kaka alimshukuru sana. Alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Pipi aliporuhusiwa, akamchukua, akampeleka nyumbani, akatangaza kwamba yamekwisha.

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza.

Nilikwenda kwa daktari wa vinasaba nikamuuliza maswali mpaka akaanza kutazama saa, kisha nikaenda sebuleni kwa kaka na somo langu limenyooka. Mwilini, nikamwambia, kuna vimeng'enya ambavyo kazi yake ni kubandika alama. Kimeng'enya kinachukua kipande kidogo cha fosfeti, kinakibandika kwenye protini nyingine, na protini iliyobandikwa inakuwa imepokea amri. Wataalamu wanakiita kimeng'enya cha aina hiyo kinasi. Kipo kimoja ambacho amri yake ni ya subira: kinaiambia seli isikue ovyo, isigawanyike kabla ya wakati wake. Ukoo wetu inaelekea tumerithishana maelekezo yenye kosa ya kukitengeneza, na kosa lenyewe mara nyingi huwa pale pale penye kazi ya kubandika. Kwa hiyo kinasi kinatoka kikiwa na umbo lake, lakini hakina mkono. Kila mtu ana nakala mbili za maelekezo, ya baba na ya mama. Aliyerithi moja mbovu anaishi kwa ile nzima. Siku nakala hiyo nayo ikiharibika ndani ya seli moja ya utumbo, seli hiyo haina tena wa kuiambia ngoja.

Kaka alisikiliza vizuri sana. Akasema, basi hiyo ni breki.

Nilifurahi kama mjinga. Nikasema ndiyo, ni breki, na kila mtu ana breki mbili. Sikujua kwamba nimemkabidhi panga kwenye mpini. Akanieleza, kwa upole wa mwalimu, kwamba lifti ina breki zaidi ya moja makusudi ili moja ikifa nyingine ishike, kwa hiyo mtoto yuko salama. Nikamwambia hata hiyo iliyobaki huchakaa. Akauliza huchakaa baada ya muda gani. Nikasema hakuna anayejua. Akasema fundi asiyejua kifaa chake kinachakaa lini si fundi, na akamwita Pipi alete chai.

Nilirudi tena, na tena. Siku moja hoja yake ilikuwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa na chapa na ikaondoka, maana yake ugonjwa ulishatoka. Nikamweleza kwamba ya midomoni hufifia mtu akikua, lakini ya ndani ya mashavu hubaki, na nikamfunua mdomo pale pale kwa tochi ya simu. Yalikuwapo, meusi, yamepangana. Akajitazama kwenye kioo, akasema hiyo ni rangi ya ngozi tu. Siku nyingine alisema ukiutafuta ugonjwa utaupata. Siku nyingine aliuliza nani ataoa binti mwenye cheti cha ubovu, na Pipi yuko pale anasikia. Wifi yangu alikuwa upande wangu tukiwa jikoni na upande wa mumewe tukifika sebuleni. Mama alisema tunataka kumpeleka Bibi maabara na yuko kaburini. Nikikaa nao niliona wazi nampigia mbuzi gitaa, na mbuzi mwenyewe ananikosoa nyuzi.

Ningekata tamaa kama si Pipi. Alikuja kwenye kliniki yangu akitoka shule, akakaa kwenye kiti cha wagonjwa na begi lake mapajani. Alikuwa amekonda.

"Shangazi, tumbo linakuja tena," alisema. "Likija nakwenda chooni nafungulia bomba, wasinisikie. Usimwambie Baba."

Nilimwuliza kwa nini asimwambie. Akasema Baba amewaambia watu wote kwamba amepona, na anaona vibaya kumharibia.

Nilifunga kliniki, nikamrudisha kwao, kisha nikaenda moja kwa moja kumtafuta kaka kazini.

Alikuwa kwenye jengo moja la ofisi. Chini kabisa, mbele ya lifti, alikuwa ameweka kile kibao chake chekundu kinachosema HAITUMIKI, na mzee mmoja wa uhasibu alikuwa amesimama mbele yake akikibembeleza kibao kama kina masikio. Kaka alikuwa juu, kwenye chumba cha mitambo. Nilipanda ngazi zote kwa miguu yangu, na kila ghorofa niliongeza neno moja kwenye yale niliyopanga kumwambia, kwa hiyo nilipofika nilikuwa na hotuba nzima lakini sina pumzi ya kuitoa. Nilishika mlango nikahema. Akanisogezea ndoo nikae.

Nilipoweza kusema, nilimwuliza lifti ina ubaya gani.

"Haina ubaya. Inatembea vizuri," alisema.

"Mbona umeifunga?"

"Imefika siku ya ukaguzi. Lifti haisubiri iharibike ndiyo ikaguliwe. Siku ikiharibika inakuwa na watu ndani."

Alisema hivyo huku anapangusa bisibisi, hatambui kabisa alichosema. Nilimtazama, na hasira yote niliyopanda nayo ngazi ikashuka ikawa kitu kingine.

"Kaka," nilisema, "lifti inatembea vizuri umeifunga uikague. Mtoto wako ameshakatwa utumbo, umemwacha atembee. Na maumivu yamerudi. Anafungulia bomba ili usimsikie."

Nilikuwa nimevunja ahadi kwa mtoto, ingawa sikumbuki kama niliitoa. Kaka aliendelea kuipangusa ile bisibisi muda mrefu baada ya kuwa safi. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Baba hakutaka kupasuliwa. Alikuwa ameshakataa, amegeukia ukutani. Mama alimtuma kaka akaongee naye, kwa kuwa Baba alikuwa akimsikiliza yeye, na kaka akamwambia Baba kwamba madaktari wanajua kazi yao kama yeye anavyoanza kuijua yake. Baba akakubali. Walimfungua, wakaona kilichomo, wakamfunga. Hakurudi nyumbani.

"Mimi ndiye niliyempandisha," alisema kaka. "Unanielewa? Mimi nilibaki chini."

Nilimwambia walichelewa. Nilimwambia kama mtu angeangalia mapema wangekuta vinyama, si saratani, na hiyo ndiyo tofauti yote ninayojaribu kumwingiza kichwani tangu Pipi atoke hospitali. Nilisema kwa sauti ya chini, kitu ambacho si kawaida yangu. Yeye akaanza kufunga vifaa vyake kwenye boksi, kimoja kimoja.

Kaka ana desturi moja inayojulikana na kila mwenye jengo. Akimaliza kazi kwenye lifti, haruhusu mtu kuingia kabla yake. Awe mkurugenzi, awe mgonjwa wa miguu, atasubiri. Yeye huingia peke yake, hupanda mpaka juu, hushuka mpaka chini, ndipo huondoa kibao. Watu humnunia, na yeye hajali.

"Nitaanza mimi," alisema. "Damu, kamera, kila kitu. Sijawahi kumpandisha mtu lifti ambayo sijaipanda, isipokuwa ile mara moja. Nikifika, Pipi atafuata."

Nilitaka kumpigia kelele kwamba mgonjwa ni mtoto, si yeye, na kwamba tunapoteza siku kwa ukaidi wa kijinga. Lakini heri nusu shari kuliko shari kamili. Nilimpigia simu yule daktari wa upasuaji palepale ndani ya chumba cha mitambo, akasema analoweza ni kuwapangia wote katika wiki moja, baba Jumatatu, binti siku inayofuata, na damu zote zichukuliwe kabla. Kaka akatikisa kichwa kukubali. Halafu akaniacha nishuke kwa ngazi, kwa kuwa lifti yeye mwenyewe alikuwa bado hajaipanda.

Kesho yake mchana, nilipomaliza wagonjwa wangu, kaka aliingia kliniki. Nilidhani amekuja kunipiga chenga. Alikuwa amekuja kuuliza kama damu inachukuliwa mtu akiwa ameshiba au na njaa. Nikamjibu. Akabaki amesimama, anachezea swichi ya kiti.

"Na wewe utachukuliwa siku hiyo hiyo?"

"Mimi? Mimi sina madoa."

Nililisema bila kufikiri, kama mtu anavyotaja jina lake. Kaka akaniangalia.

"Si wewe uliyesema ya midomoni si kitu, ya mashavuni ndiyo yanabaki?"

Nikasema ndiyo, lakini. Nikasema kwamba chuoni tulichunguzana vinywa sisi kwa sisi, na mwenzangu aliniambia niko kawaida. Sikutaja kwamba mwenzangu huyo alikuwa anawahi chakula. Nikasema kwamba kila asubuhi najitazama kwenye kioo. Hilo ni kweli, na natazama meno.

"Kinyozi hajinyoi," alisema kaka. "Panda kiti."

Nilikataa. Nilimwambia asinifundishe kazi kwenye kliniki yangu mwenyewe. Yeye alikuwa ameshanawa mikono na anahangaika kuingiza vidole vyake kwenye glovu zangu, ambazo zilimfika nusu. Nikapanda ili tu amalize upuuzi wake. Ni kiti nilichowalaza watu kwa miaka mingi, na sikuwahi kujua kwamba taa inakupiga machoni namna ile. Kaka alikishika kioo changu kama spana. Nilijaribu kumwelekeza, lakini mtu aliyefunuliwa shavu hana maelekezo. Alitazama upande wa kushoto. Akasogeza taa. Akatazama wa kulia, akarudi tena kushoto.

"Yapo," alisema.

Nikakaa. Nikasema, "Hiyo ni rangi ya ngozi tu."

Yeye alikuwa anavua glovu. "Ndivyo nilivyosema na mimi," alijibu, bila kejeli yoyote, na akazima taa.

Damu zetu zilichukuliwa asubuhi moja, mkono wake ukitangulia, kisha wa Pipi, kisha wangu. Jumatatu kaka aliingia kwenye chumba cha kamera na kutoka akiwa amepunguziwa vinyama vichache, amelewa dawa, akimwambia muuguzi kwamba mtambo wao ni mzuri. Siku iliyofuata aliingia Pipi. Walikuta vingi. Kimoja, kwenye utumbo mwembamba, kilikuwa kimeshanenepa na utumbo umeanza kukizunguka. Daktari alikitoa, na alipotoka alituambia kwamba hicho kisingesubiri mwisho wa muhula. Kaka alitoka nje ya jengo. Nilimkuta amesimama karibu na mapipa ya taka, analia huku ameshikilia ukuta, nikasimama naye. Nilikuwa na maneno mengi sana ya kumwambia, nimeyaweka akiba siku nyingi, ya haki kabisa. Nikayameza.

Majibu ya damu yalipotoka, daktari wa vinasaba alituita wote watatu. Kosa lilikuwa moja, herufi ile ile, mahali pale pale penye kazi ya kubandika: kwa kaka, kwa Pipi, na kwangu.

Nilikwenda kumwambia Mama mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanyoosha mkono akanigusa mdomo wa chini kwa kidole gumba, kama mtu anayefuta kitu, au anayekitafuta.

"Kwa hiyo wewe ni wa kwetu kabisa," alisema.

Nilifoka. Nilimwambia hili si jambo la kuchekea, kwamba ni tumbo lile lile lililowazika Bibi na Baba, kwamba ningeweza kufa nikiwa nawahubiria wengine. Akasema hakuwa anacheka. Nilipomtazama vizuri, ni kweli, hakuwa anacheka. Utoto wangu wote nilitamani kusikia maneno yale kinywani mwake, na siku nilipoyapata yalikuja na hukumu ndani yake, na bado, Mungu anisamehe, yalinifurahisha. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Siku yangu ya kamera kaka alinisindikiza. Nilikaa kwenye benchi la korido na gauni la hospitali lisilofungika mgongoni, na yeye, bila kuombwa, akaanza kunieleza habari za breki. Kila mtu ana mbili, aliniambia. Kinachobandikwa si breki yenyewe, ni amri. Alikuwa amechanganya kinasi na fosfeti, na akaweka utumbo mpana mahali pa mwembamba. Pipi, aliyekuwa upande wa pili anakula biskuti kwa hamu, alinikonyeza. Nilimwacha kaka amalize.

Kisha muuguzi akafungua mlango akaita, na miguu yangu ikagoma. Mimi niliyepanda ngazi za ghorofa zote zile kwenda kumfokea mtu mwingine kuhusu mlango huu huu. Nilimwambia kaka kwamba labda tuje wiki ijayo, leo nina wagonjwa. Nilimwambia kwamba daktari mwenyewe anaonekana amechoka. Nilisema mengine pia, na yote nilikuwa nimeshayasikia sebuleni kwake.

Kaka hakubishana. Alinishika kiwiko akaniinua.

"Nimeshaipanda hii," alisema. "Inafika. Ingia."

Nikaingia.